Karavani Isiyo na Kasoro

Huku kwetu Toowoomba, Australia, mtu akistaafu haulizwi kama atanunua karavani. Anaulizwa atanunua ya urefu gani. Ndivyo tulivyo. Tunahangaika maisha yote tupate nyumba, tukishaipata tunatafuta kijumba cha magurudumu, tunakifunga nyuma ya gari na kuikimbia ile nyumba. Noel Tranter alikuwa amestaafu miaka sita, na karavani hakuwa nayo. Alichokuwa nacho ni sifa.

Na sifa yenyewe si haba. Kuanzia kwetu hadi Dalby, ukitaka kununua karavani iliyotumika, mtu wa kwenda naye ni Noel. Atabonyeza ukuta kwa kidole gumba akwambie mvua imepenyea wapi. Atalala chali uvunguni, atoke na kutu kwenye nyusi, atikise kichwa kama daktari mwenye habari mbaya. Za kununua mwenyewe alishazikagua nyingi, hata mkewe Desley akaacha kuvaa viatu vizuri kwa safari hizo. Ya kwanza ilikuwa na unyevu. Ya pili alisema sakafu yake inabonyea karibu na sinki. Nyingine haikuwa na kosa lolote, basi Noel akasema mapazia yake yanamkumbusha wodi aliyofia shangazi yake. Watu walimwona mtu makini. Yeye mwenyewe, akinyoa ndevu asubuhi, alimjua vizuri aliyekuwa kwenye kioo. Alikuwa mwoga mwenye tochi.

Maana Noel huyu, mwalimu wa udereva kwa miaka thelathini, aliyefundisha nusu ya mji wetu kushika usukani, hakuweza kupiga rivasi akiwa na tela.

Cheka kwanza, halafu tuendelee. Yeye mwenyewe angecheka kama lingekuwa la mtu mwingine. Gari tupu angelirudisha nyuma popote utakapo, lakini mfungie kitu nyuma uone. Tela ukitaka liende kulia, unazungusha usukani kushoto. Hilo alilijua, na angeweza kukuchorea ubaoni kwa chaki za rangi mbili. Mikono yake ndiyo iliyokuwa haijasoma shule ile. Mganga hajigangi, na huyu hata dawa ya kuanzia hakuwa nayo.

Aligundua hivyo Jumamosi moja ya mwaka aliostaafu, kwenye dampo la manispaa, tela limejaa matawi ya mti alioukata uani. Nyuma yake foleni ya magari ilifika getini. Akarudi nyuma, tela likamkimbilia kulia. Akasogea mbele, akarudi tena, likamkimbilia kushoto. Akakazana mpaka gari na tela vikawa vinatazamana kama watu wanaogombana. Mtu akapiga honi. Ndipo akashuka msichana kwenye gari la nyuma, Kirralee, mwenye saluni ya nywele pale mjini. Noel ndiye aliyemfundisha udereva, na alimwambia waziwazi kwamba hana jicho la usukani. "Shuka, Mwalimu," akasema kwa adabu zote, "nikusogezee." Akaliingiza mara moja. Ile adabu ndiyo iliyommaliza Noel. Angetukanwa ingekuwa nafuu.

Sasa karavani bila rivasi ni ya nini? Ukifika kambini jioni lazima uiingize kinyumenyume kwenye nafasi yako, na waliotangulia wameshatoa viti vya kukunja, bia mkononi. Hakuna anayekubali kwamba amekaa kutazama. Kila mmoja anapunga upepo. Ni sinema yetu ya bure, na mimi ninayesimulia sijawahi kukosa kiti. Mume yuko kwenye usukani, mke yuko nyuma anapunga mikono, na ndoa ya miaka mingi inapimwa mbele ya wageni. Noel alishajiona pale mara elfu. Alishasikia hata mtu akiuliza, "Huyu si yule mwalimu?"

Na Desley naye alikuwa na jambo moja tu alilolitaka. Kule magharibi, mbali kabisa, kuna ua linaloota pembeni mwa barabara kwenye changarawe tupu, kwa mduara, kama mtu ameweka shada chini akaenda zake. Linachanua wiki chache tu baada ya baridi kupita. Picha yake aliibandika kwenye mlango wa friji. Kila mwaka Noel alisema tutakwenda mwaka huu, na kila mwaka picha ikazidi kufifia.

Mwezi wa saba, Desley akipaka siagi kwenye skonzi ya boga, akasema, "Noel, magoti yangu hayanisubiri mimi, sembuse wewe. Jumamosi kuna karavani inauzwa kule Warwick. Hiyo ni ya mwisho. Ukiikataa, Jumatatu nakata tiketi ya basi."

"Tiketi mbili?"

"Moja."

Alisema bila hasira, na akaendelea kupaka siagi.

Mwenye karavani aliitwa Col Zeller, mgane aliyevaa shati lililopigwa pasi upande wa mbele tu. Karavani yenyewe ilikuwa chini ya banda kando ya nyumba, inatazama barabarani. Noel akatoa tochi akaanza kazi yake. Kuta zilikuwa kavu. Uvunguni hakukuwa na kutu hata ya dawa. Tairi zilikuwa zimezeeka kwa kusimama, si kwa kutembea. Mtungi wa gesi umejaa, jiko halijawahi kuwashwa, na ndani hakuna vumbi hata kwenye pembe za dirisha. Tena bei iko chini. Mtu mwingine angeshangilia. Noel alitoka uvunguni jasho likimtiririka.

"Vipi, Mwalimu?" Desley akamwita kutoka dirisha la karavani. Alishavua viatu, amejinyoosha kwenye kitanda cha watu.

"Bado naendelea."

"Mapazia umeyaona?"

"Nimeyaona."

"Shangazi yuko salama?"

Noel akajifanya hakusikia. Akazunguka upande wa pili, akamkuta Col ameegemea nguzo ya banda. "Bwana Col," akasema kwa sauti ya chini, "sisi ni watu wazima. Niambie tu ina nini."

"Haina kitu."

"Kitu kisicho na kasoro hakiuzwi bei hii."

Col akachungulia dirishani kuona kama Desley anasikia. "Kasoro ni mimi," akasema.

Akaeleza. Yeye na mkewe Norma waliinunua, wakaenda nayo Stanthorpe, hapo tu karibu. Wakafika kambini jioni, watu wameshatoa viti. "Nilihangaika nayo mpaka jua likazama. Mwishowe wanaume wanne waliifungua kwenye gari wakaisukuma kwa mikono. Wananicheka kwa upole, unawajua wale."

"Nawajua," akasema Noel.

"Tuliporudi, shemeji yangu ndiye aliyeiingiza hapa. Norma akiniuliza tunakwenda lini tena, nikamwambia friji ina hitilafu. Mwaka uliofuata nikamwambia breki. Nilimwambia mambo miaka tisa, bwana. Hakunibishia hata mara moja. Kila Ijumaa anakuja na kitambaa chake anaipangusa, ndiyo maana unaiona safi hivi. Mwezi wa pili mwaka huu akafariki, kitambaa nikakirithi mimi."

Noel alisimama na tochi yake inawaka mchana kweupe, akalitazama lile shati, akajiona yeye amebaki peke yake na pasi, na picha ya ua kwenye friji ambayo hakuna tena wa kuiondoa. Akaogopa. Miaka sita alikuwa anaogopa viti vya kukunja, mzee mzima, na kumbe cha kuogopwa ndicho hiki.

Akapanda ndani ya karavani, akakaa ukingoni mwa kitanda.

"Desley, nina neno."

"Ina unyevu."

"Haina. Ile ya kwanza ilikuwa nao kweli. Zilizobaki zote tatizo lilikuwa mimi. Siwezi kurudi nyuma na tela."

Desley hakuinua hata kichwa. "Najua."

"Unajua nini?"

"Kirralee ndiye anayenikata nywele, Noel. Nilijua wiki ile ile."

Siri ya mtungi aijuaye kata, na kata hii ilikuwa imenyamaza miaka sita. Noel akahesabu moyoni kila uvungu alioingia, kutu zote alizozimeza, na mkewe amesimama pembeni na mkoba wake, anajua.

"Mbona hukuniambia?"

"Nilikuwa nasubiri uniambie wewe. Mwanzoni nilikuwa nacheka peke yangu jikoni. Halafu nikakasirika, tena sana. Sasa nimechoka, ndiyo maana nikasema tiketi moja."

"Ungesema tu tungeyamaliza."

"Ningesema ungetafuta uongo mwingine. Ungesema macho."

Macho Noel alikuwa ameshayafikiria.

"Naichukua," akasema mwishowe. "Na nikijifunza kwa shida nitajifunza kwa shida."

Wakaifunga nyuma ya gari, wakazunguka nayo mitaa miwili mitatu kuijaribu. Ilifuata vizuri, kimya, kama ng'ombe mzoefu. Kwenda mbele, Noel alikuwa bingwa kama siku zote. Wakarudi wakasimama barabarani mbele ya nyumba ya Col ili wamalizane. Hapo palikuwa na mwanya, na Noel aliuona. Kilichobaki ni kutia saini na kuondoka zao, mbele kwa mbele mpaka nyumbani, bila rivasi hata moja. Lakini alijijua. Akifika nyumbani bila kulifanya hapa, mahali asipojulikana, Jumatano ataanza kunusa unyevu.

Akashusha kioo. "Col, toa viti."

"Viti vya nini?"

"Naiingiza bandani kinyumenyume. Waite na majirani."

Mtaa haukuhitaji kuitwa. Walishatoka kwenye baraza na vikombe vya chai, mmoja na mbwa wake. Desley akaenda nyuma akainua mikono. Noel akashika usukani kama anayefundishwa siku ya kwanza, na karavani ikaenda moja kwa moja kuelekea uzioni.

"Kushoto!" Desley akaita.

"Kushoto kwangu au kwako?"

"Kushoto kwa watu wote, Noel!"

Akasogea mbele, akajaribu tena. Safari hii ikakimbilia mawaridi. Mzee mmoja kwenye kiti akasema labda mke ndiye apewe usukani. Mwingine akauliza kama bwana huyu amewahi kuendesha gari kabla ya leo. Noel akatoa kichwa nje. "Jamani," akasema, "mimi nilikuwa mwalimu wa udereva. Miaka thelathini!"

Mtaa mzima ukaangua kicheko. Mama mmoja alilazimika kuweka kikombe chini. Na Noel naye, kichwa nje ya dirisha, akacheka mpaka akashindwa kukanyaga pedali. Akajaribu tena na tena. Akaangusha sanduku la barua la Col lililosimama kando ya njia na kulikanyaga, akaomba radhi, akaendelea. Mwishowe karavani ikaingia, imepinda, gurudumu moja ndani ya mawaridi. Watu wakapiga makofi. Kisha wakakunja viti, wakaanza kubishana habari za mpira, wakarudi majumbani mwao. Chai za wengine zilikuwa hazijaisha.

Col alibaki amesimama pale kwenye njia ya gari. Alikuwa ameliokota lile sanduku la barua, amelikumbatia kifuani.

"Imekwisha?" akauliza.

"Imekwisha," akasema Noel, akishuka. "Nitakununulia jingine."

Col hakulitazama sanduku. Aliitazama karavani, akatazama na barabara ambayo haikuwa na mtu tena. "Kumbe ni hivi tu?" akasema.

Noel akajibu, "Ni hivi tu, ndugu yangu."

"Miaka tisa," akasema Col. Desley akamwondolea lile sanduku mikononi taratibu, akalikabidhi kwa mumewe. Akamshika Col mkono, akampandisha ndani ya karavani, akamkalisha mezani. Akafungua gesi, akawasha lile jiko kwa mara ya kwanza, akabandika maji ya chai.