Nondo ya Lango la Mbuzi

Nyama ilirudi siku ya tatu. Lori la friji lilikuwa limetoka kwetu Mwingi Jumatatu jioni, limebeba mbuzi zaidi ya mia waliochunwa na kufungwa kwa vitambaa vyeupe. Alhamisi asubuhi likarudi likivuja maji mekundu barabarani, na mbwa wawili nyuma yake. Dereva alishuka akiwa amebana pua.

"Ndege hakuna," akasema. "Zimepangwa pale uwanjani kama mabasi ya shule wakati wa likizo. Nimekaa kwa geti siku mbili, mpaka dizeli ya friji ikaisha. Mniambie nifanye nini."

Tulikuwa tumesikia kwa redio kwamba korona imefunga nchi za watu, lakini tuliichukulia kama habari za redio tu. Kichinjio chetu kiliuza nyama Uarabuni. Ilisafiri tumboni mwa ndege za abiria, chini ya miguu ya watu waliokaa wakila njugu, na hatukuwahi kujiuliza ingekuwaje watu hao wakikatazwa kusafiri. Sasa tulijua.

Afisa wa afya aliamuru nyama yote ifukiwe na kumwagiwa mafuta ya taa. Tulichimba shimo nyuma ya kichinjio, na kabla hatujamaliza kutupa, watu walikuwa wamefika na magunia. Waliruka ndani. Mama mmoja alikumbatia paja la mbuzi na mwanamume akamng'ata mkono ili aliachie. Afisa akawamwagia mafuta hivyo hivyo, nyama na mikono pamoja, akipiga kelele kwamba watakufa. Mimi nilimvuta mtu mmoja kwa mguu mpaka juu, nikampiga teke mbavuni, kisha nikampiga la pili ambalo halikuwa na haja. Sina budi kulisema hilo mapema. Nimezaliwa na hasira. Nilipokuwa mdogo nilimng'ata mwalimu wa Sande skuli, na mama alikuwa akiniambia "hasira, hasara" mara nyingi hata nikadhani ni jina langu la pili.

Kazi yangu pale ilikuwa kuchuna. Wachinjaji walikuwa Waislamu, kama wanunuzi walivyotaka. Wao walikata, mimi nikavua ngozi. Nilichuna mbuzi mmoja kabla hujamaliza kikombe cha chai, na kwa miaka minne sikuwahi kutoboa ngozi hata moja. Nilijivunia sana jambo hilo. Mtu asiye na mengi hujivunia alicho nacho.

Mwaka ule nilikuwa na haraka yangu pia. Nilikuwa nimeishi mwaka mzima na fundi wa kushona, binti wa Nunguni, kule Makueni kwenye baridi. Alipofikisha miezi sita ya mimba, kaka zake walikuja na gari la probox, wakamrudisha kwao. Hawakunipiga, ingawa nilikuwa tayari. Baba yao, mzee wa kanisa, alinitumia ujumbe mmoja tu: binti yake hatazaa mtoto wa mtu ambaye hajaleta ntheo.

Ntheo ni mbuzi watatu, majike wawili na beberu mmoja, ambaye sisi Wakamba humwita nthenge. Nthenge akishachinjwa kwa kina msichana, mbele ya wazee, mmeoana. Asipochinjwa, hata mkiishi miaka ishirini, huyo mwanamke ni mgeni kwako na watoto ni wa kwao. Wao ndio huwapa majina. Na hapo ndipo penye uchungu, kwa sababu kwetu mvulana wa kwanza hupewa jina la babu yake mzaa baba. Kaka zangu wawili walikuwa wamezaa wasichana watupu. Baba yangu, kule kijijini kwetu Nuu, alikuwa amengoja, akanyamaza, akangoja tena, halafu siku moja akaniambia waziwazi, "Mimi nataka kuitwa nikiwa hai."

Ndiye aliyenipa wale mbuzi watatu, kutoka zizini mwake. Nthenge alikuwa mweusi mwenye paji jeupe, mkaidi, shingo nene. Baba alinipa sharti moja: wabaki Nuu mpaka siku ya kupelekwa, kwa sababu mbuzi wa ntheo halali katika zizi la watu. Nikasema ndiyo. Baada ya wiki mbili nikawachukua akiwa kanisani.

Nilikuwa na akili zangu. Nuu ilikuwa kavu, mbuzi wamebaki mifupa, na kichinjioni kulikuwa na zizi la kunenepeshea, majani ya lusani na pumba asubuhi na jioni. Nikawaingiza kati ya mbuzi wa ndege, nikawapaka mgongoni rangi nyekundu, alama ya mbuzi waliokaguliwa na daktari, ili msimamizi asiwatambue. Nilipanga wale cha bure mwezi mmoja, wapelekwe Nunguni waking'aa. Nilijiona mjanja kuliko baba yangu.

Sasa zizi lile lilikuwa na mbuzi karibu mia mbili na hakuna ndege. Mwenye kichinjio alizima simu. Lusani iliisha Jumamosi, pumba ikaisha Jumatatu. Sijui kama umewahi kuona mbuzi wenye njaa wamefungiwa pamoja. Wanakulana nywele. Wanatafuna masikio ya waliolala. Madume walipigana mchana kutwa, vichwa vikigongana, na aliyeanguka alikanyagwa hadi matumbo yakatoka. Kila asubuhi tuliburuta nje watatu, wanne. Ningewatoa mbuzi wangu siku ile ya kwanza, lakini msimamizi alikuwa amefunga lango la nje kwa kufuli na kusema hakuna atakayetoa hata unyoya mpaka mwenyewe arudi. Ningemwambia kwamba watatu ni wangu, angeniuliza walikula nini. Kwa hiyo nilinyamaza, nikawa nawapitishia matawi ya miti usiku na mchana kupitia nafasi ya ukuta, nikiwapiga wengine usoni kwa fimbo ili nthenge wangu ale.

Jumatano walikuja wenye mbuzi. Mbuzi wale walikuwa wamechukuliwa kwa wafugaji wa Nuu na pande zile, kwa makubaliano kwamba wenyewe watalipwa nyama ikisharuka. Nyama haikuruka, basi mbuzi bado ni wao. Hivyo ndivyo walivyoona, na hata leo siwezi kuwapinga. Walishuka kwenye malori mawili ya mchanga, wanaume kama sitini, panga na rungu mkononi, na kila mmoja barakoa usoni, kwa sababu polisi wa barabara walikuwa wakikamata wasiovaa. Walinzi wetu wawili waliruka ukuta wa nyuma. Msimamizi akawatangulia.

Mimi nilibaki. Nilichomoa nondo iliyokuwa komeo la lango la ndani, nikasimama hapo. Watu waliniita mlinzi shujaa baadaye. Ushujaa gani? Nilikuwa nalinda mbuzi watatu.

Walivunja lango la nje kwa mgongo wa lori. Vumbi lilipanda hadi tukawa vivuli. Mbuzi walitoka kwa nguvu ya njaa, wakawaangusha watu wazima. Mtu alikata mguu wa mbuzi akilenga kamba. Wawili walivutana jike mmoja, huyu kichwa yule miguu, hadi akanyamaza. Kwa sababu ya ile rangi nyekundu hakuna aliyejua wa kwake ni yupi, na kila mtu alikuwa na hakika. Walianza kukatana. Niliona kidole chini, peke yake, na mbuzi akikinusa. Nilipiga mabega, nilipiga migongo, nikapigwa jiwe juu ya jicho, na nitasema ukweli: sehemu yangu moja ilifurahi. Wiki nzima nilikuwa nimetaka kupiga kitu.

Halafu nikamwona mwanamume mwenye kofia na barakoa ya bluu amemshika nthenge wangu pembe, anamburuta kuelekea langoni. Nikaruka mbele yake. Hakuachia. Alinitazama, kisha akatazama ile rangi mgongoni mwa beberu, na macho yake yakajaa kitu kibaya kuliko hasira.

"Umeuza ntheo," akasema.

Alikuwa baba. Naye alikuwa na mbuzi wanne zizini humo. Alikuwa amekuja kuwachukua, akamkuta nthenge wake mwenyewe amepakwa rangi ya kwenda kuchinjwa. Alikuwa anamwokoa. Mimi pia nilikuwa namwokoa. Nilishika kamba, yeye pembe, tukavutana kama wezi wawili. Nilisema neno na kelele zikalimeza. Akavuta tena. Nikainua nondo.

Aliinua mkono wa kulia kujikinga. Nimevunja mifupa mingi kazini, na sauti ile naijua. Mkono ulipinda mahali pasipo kiungo. Hakulia. Alikaa chini vumbini taratibu, kama mtu aliyechoka kutembea, barakoa ikateremka hadi kidevuni, na mbuzi wakawa wanampita huku na huku.

Nilimbeba mgongoni hadi hospitali, na kamba ya nthenge nikaifunga kiunoni mwangu, kwa sababu hata hapo sikumwachia. Majike wawili sikuwaona tena. Daktari aliuliza nani amempiga mzee. Baba akasema, "Ni vurugu."

Habari ilifika Nuu kabla yetu, na wazee wa ukoo wakakaa. Kwetu, mwana akimpiga mzazi kwa kujua, boma hilo limechafuka. Hakuna mbuzi atakayetoka humo kwenda kuoa mpaka litakaswe, na utakaso una miezi yake, na mimba haingoji. Tena ntheo haipelekwi na bwana harusi. Hupelekwa na baba yake. Nilisimama mbele yao na jicho limeziba, nikajua nimejifungia mlango kwa mkono wangu.

"Hakunijua," baba akasema kabla hajaulizwa. Mkono wake ulikuwa kwenye plasta, umeninginia shingoni kwa leso ya mama. "Nilikuwa na barakoa, nilikuwa na kofia, na vumbi lile mmelisikia. Angejuaje?"

Mzee mmoja akanigeukia. "Ni ukweli? Haukumjua?"

"Sikumjua," nikasema.

Basi. Walituamini, au waliamua kutuamini. Kaka zangu walitoa majike wawili, na baba akapanga siku.

Nunguni kulikuwa na ukungu na matope mekundu, na baridi ambayo mtu wa Nuu huichukia kama tusi. Tulikwenda watano tu, kwa sababu ya sheria za mikutano, wote na barakoa. Baba alimwongoza nthenge kwa mkono wa kushoto kutoka barabarani hadi uani. Baba mkwe alitazama plasta.

"Na mkono, mwenzangu?"

"Ni huyu," baba akasema, akimpiga nthenge ubavuni. "Ako na nguvu sana. Alinivuta, nikaanguka."

Wakacheka. Walisema mbuzi wa namna hiyo ndiye wa kuoa. Mke wangu alikuwa mlangoni, tumbo mbele, anacheka pia, na nilimpenda. Nthenge alichinjwa. Mashemeji, kwa utani, wakanipa kisu. "Wewe si fundi wa Uarabuni? Wacha tuone."

Nilipiga magoti nikaanza kuchuna. Rangi nyekundu ilikuwa bado mgongoni. Baba akachutama karibu yangu, akashika mguu wa mbuzi kwa mkono mzima kunisaidia, na wengine wakaenda kuota moto. Alisema kwa Kikamba, polepole, bila kuniangalia.

"Siku ile uliniita Nau."

Nau ni baba. Kisu changu kilisimama.

"Ulisema, 'Nau, achilia.' Halafu ukapiga." Alihamisha mkono wake, akashika mguu wa pili. "Mke nimekupatia. Huyo hana makosa. Lakini akizaliwa mvulana, usimpe jina langu."

Nilijaribu kuendelea. Kisu kikapita upande mwingine wa ngozi, tundu la ukubwa wa jicho. Shemeji mmoja aliliona baadaye akanicheka hadi jioni, na mimi nikacheka naye, maana ningefanya nini.

Alizaliwa mvulana. Nilimpa jina la babu yake wa Nunguni, na kaka za mke wangu wananisifu hadi leo kwa kuwaheshimu kuliko desturi. Mke wangu aliniuliza mara moja kwa nini, nikamwambia baba ni mtu wa kanisa, hajali mambo hayo. Ndege zilirudi angani na kichinjio kikafunguliwa. Waliniita, sikwenda. Sasa nachoma matofali, kazi isiyo na damu.

Tukienda Nuu mtoto humkimbilia babu yake kutoka mbali. Baba humwinua kwa mkono wa kushoto, maana wa kulia haukunyooka, anamkalisha begani na kumuuliza swali lile lile kila mara, "Kijana, unaitwa nani?" Mtoto hulitaja jina lake kwa sauti kubwa.

"Jina zuri," baba husema, huku ananitazama mimi.