Mlango wa Pipa

Nikifumba macho naisikia bado: sauti ya mwanamke anayeimba ndani ya mti. Ni sauti iliyofungiwa, yenye mwangwi mzito, kama ya mtu aliyemezwa na kengele. Tena ni sauti mbaya. Shangazi yangu Delfina hakujaliwa kuimba, na alijua. Lakini mle ndani ya pipa hakuwa akimfurahisha mtu. Aliimba ili baba yangu, aliyeketi nje kwenye kigoda, ajue kwamba dada yake bado anapumua.

Ndivyo tulivyosafisha mapipa pale Ca' Sorba, shamba letu la mizabibu katika vilima vya Langhe. Barolo ni mvinyo usio na haraka. Hukaa miaka katika giza la pipa kubwa la mwaloni, na siku ya kutiwa chupani huacha nyuma yake ukoko mwekundu ulioshika mbao, mgumu, unaometa kama chumvi mbele ya taa. Ukoko huo sharti ukwanguliwe kwa mkono kabla ya mavuno. Pipa lina urefu wa kumzidi mtu aliyesimama, lakini mlango wake, chini upande wa mbele, haupitishi hata kiti. Anayeingia hutanguliza mkono mmoja, kisha kichwa, kisha bega, halafu mwili uliobaki hufuata kama uzi katika tundu la sindano. Hewa ya mle hulevya, na katika vilima vya jirani imewahi kuua. Kwa hiyo sheria yetu ilikuwa moja: aliye ndani aimbe bila kukatisha. Wimbo ukikatika, aliye nje avute.

Watu wa nyumba yetu walikuwa wapana. Babu alikuwa na mabega ya kuziba mlango wa zizi, na baba yangu, Severino, alimrithi mabega yale pamoja na shamba. Delfina peke yake, mdogo wao, aliumbwa mwembamba kama utete. Babu alimtazama siku moja, akalitazama pipa, akasema, "Wewe, Fina, ndiwe ufunguo wetu." Shangazi alikuwa bado anasuka nywele mikia miwili. Tangu siku hiyo alilibeba neno hilo kama wengine wanavyolibeba jina la ubatizo.

Sasa, ufunguo haunenepi. Bibi akishika upawa mezani, sahani ya Delfina ilipata nusu. "Huyu nusu," alisema, "ana pipa." Wala haukuwa ukatili, alisema kama mtu anavyosema huyu hali pilipili. Ndugu zake waliongezwa, wageni waliongezwa, mbwa alipata mifupa yenye nyama. Delfina akajifunza kusema "nimeshiba" kabla hajaulizwa. Bibi alipofariki na upawa kushikwa na mama yangu, Ermelinda, nusu ile iliendelea. Hakuna aliyeamua iendelee. Mkono wa mama uliikuta njiani ukaifuata.

Aliwahi kuchumbiwa. Oreste, fundi wa baiskeli kutoka Canelli, alikuja Jumapili baada ya Jumapili na biskuti za lozi zilizofungwa kwa utepe. Delfina alikula moja, akasema ameshiba. Babu alimwambia Oreste, "Ndoa, sawa. Lakini baada ya kusafisha mapipa." Mapipa yakasafishwa, mwaka ukazunguka, mapipa yakachafuka tena. Oreste akaoa kwingine. Tulipomwuliza shangazi kama aliumia, alicheka. "Yule? Angenilisha biskuti mpaka ningekwama. Mngenikuta humo hadi leo, nimekuwa siki."

Alikuwa na nyimbo zake, za askari na wasichana wa kungoja askari. Zilipomwishia, aliimba litania ya Bikira Maria, ile sala ya kumtaja kwa majina yake ya sifa moja moja, na hapo baba kwenye kigoda alilazimika kuitikia, "Utuombee." Baba hakuwa mtu wa kanisa. Aliitikia huku akinung'unika, akivuta sigara yake, na majirani waliopita dirishani walipiga kelele: "Severino! Umemweka padri kwenye pipa?"

"Padri angekunywa kwanza!" alijibu baba.

Miaka ilikwenda hivyo. Kwenye chupa zetu karatasi iliandikwa jina la babu, na chini yake, kwa herufi ndogo, "na Mwana". Delfina alizibandika karatasi zile mwenyewe, jioni za baridi, akizilainisha kwa kidole gumba, moja baada ya nyingine. Sikumwona hata mara moja akisimama kusoma.

Kisha ukaja mwaka ambao kaka yangu Remo alirudi kutoka chuo cha kilimo na mipango miwili. Wa kwanza ulikuwa mashine: bomba la maji ya moto lenye kichwa kinachozunguka, ambalo husafisha pipa bila mtu kuingia. Wa pili ulikuwa wageni wa kulala, Wajerumani na Waswisi, wanaopenda kuamka na kuona mizabibu.

Shangazi alikuwa uani akimenya maharage, chini ya dirisha la jikoni, Remo na mama walipokuwa wakizungumza ndani.

"Mama, hao wanataka dirisha linaloona mizabibu," alisema Remo.

"Dirisha hilo ni la chumba cha Delfina."

"Basi."

"Basi nini?"

"Basi tutaona. Mashine ikija, shangazi hatakuwa na haja ya kukaa juu ya ghala."

Maji yalifunguliwa, vyombo vikagongana. Shangazi alimaliza maharage yake, akayapeleka jikoni, akasema, "Mazuri mwaka huu."

Nililijua alilolibeba, maana jioni hiyo aliniuliza kama watawa wa mjini Alba bado wanapokea wanawake wazee. Alisema kwa mzaha, lakini macho hayakucheka. Aliamini kwamba kitanda chake katika nyumba ile kilishikiliwa na ule mlango mdogo tu. Siku ambayo angeshindwa kuupita, angekuwa mgeni asiye na dirisha. Na nyonga zake, ambazo hakuna nusu sahani iliyoweza kuzizuia kuzeeka, zilikuwa zimeanza kutanuka.

Akaanza kufunga. Alikunywa mchuzi, akaacha tambi. Mkate wake uliingia mfukoni mwa aproni na kutokea bandani. "Kuku wetu mwaka huu wamenenepa," mama alisema, "sijui wameokota nini." Shangazi aliinamia sahani yake. Shavu lake lilikuwa limebonyea kama tufaha lililosahauliwa darini.

Agosti ilipofika, Remo alimwambia, "Shangazi, usijisumbue. Mashine inakuja wiki ijayo. Pipa la babu na lisubiri tu."

"Lisubiri nini? Limenizoea mimi."

"Lakini shangazi..."

"Remo, mwanangu, nenda kasome."

Tulishuka ghalani watu watatu: yeye, baba, na mimi na ndoo zangu. Alivua viatu, akajifunga kitambaa kichwani, akatanguliza mkono. Kichwa kikapita, bega likapita. Nyonga ikagoma. Alijipinda upande huu na upande ule, na nikasikia ngozi ikikwaruzwa na mbao.

"Fina," baba alisema, "pipa limesinyaa?"

"Wewe ndiwe uliyezidi. Sogea, unanizibia mwanga."

Akasukuma, akaingia. Baba akampitishia taa na kikwaruzo, akakaa kwenye kigoda chake. Kukwangua kukaanza, na wimbo pamoja nao, mbaya kama kawaida, na moyo wangu ukatulia. Aliimba askari mmoja, akaimba wa pili. Katikati ya wa tatu, wimbo ukakatika. Kikwaruzo nacho kikanyamaza.

Kigoda kilianguka kabla sijaona baba akisimama. "Fina!" Alipiga magoti, akasukuma mkono wake mnene mlangoni hadi bega, akapapasa giza. Hakugusa kitu. "Fina, imba! Imba, nakwambia!" Sauti yake ilirudi kutoka ndani peke yake. Akanigeukia, uso mweupe kama chokaa. "Kamlete Remo. Na shoka. Mwambie alete shoka!"

Pipa lile lilitengenezwa na babu wa babu. Lilikuwa limepita vita mbili bila kuvuja tone. Sikudhani ningeishi kusikia baba akiliitia shoka. Niligeuka nikimbie, na mguu wangu ukiwa kwenye ngazi nikasikia nyuma yangu kitu ambacho sikuwahi kukisikia: baba yangu anaimba. Alikuwa amebandika mdomo kwenye ule mlango na kuianza litania mwenyewe, kwa sauti ya kutetemeka, bila mpangilio, akiokota majina yalipoangukia.

"Mnara wa pembe..." Akangoja. Kimya. "Nyumba ya dhahabu..." Kimya. "Nyota ya... nyota ya jioni..."

"Ya asubuhi, mpumbavu wewe," pipa lilisema.

Baba aliweka paji la uso kwenye mbao. Alikaa hivyo muda, mgongo wake ukipanda na kushuka.

"Umeumia?"

"Sijaumia."

"Hewa imekulevya?"

"Hewa ni nzuri. Na shoka la nini? Ukilivunja hili, mzee atafufuka akuchape."

"Sasa mbona umenyamaza, Fina? Unataka kuniua?"

"Nimekaa tu," alisema. "Nikitoka humu sirudi tena, Severino. Nyonga imeniambia wakati naingia. Basi nikasema nikae kidogo. Maana nikitoka, natoka kwenda wapi?"

"Unatoka kwenda chumbani kwako, kwenda wapi kwingine?"

"Chumba cha Wajerumani."

Baba alinitazama. Niliinamisha kichwa, na akaelewa kwamba nyumba nzima ilijua isipokuwa yeye.

"Hakuna aliyesema uondoke," alisema.

"Hakuna aliyesema nikae."

Baba alifuta uso kwa kiganja. "Kaa," alisema. "Haya, nimesema. Kaa, Fina. Mashine iingie pipani, wewe ukae nyumbani. Kama Wajerumani wanataka dirisha, walale kwangu. Mimi nitalala na ng'ombe."

"Ng'ombe tuliwauza."

"Basi nitalala ndani ya pipa hili."

"Huingii," alisema shangazi, na kwa mara ya kwanza kulikuwa na kicheko ndani ya ule mwaloni.

Alitoa mkono. Baba akaushika kwa mikono yake yote miwili. Kichwa kikaja, bega likaja, nyonga ikagoma tena, safari hii vibaya, na baba akamwambia avute pumzi na asiogope, akaitikia "utuombee" bila mtu kuomba, akavuta. Shangazi akatoka, rangi ya zambarau toka kichwani hadi vidole vya miguu, magoti yakiwa yamechubuka. Baba akamfunika kwa koti lake.

Jioni mama alipika tambi nyembamba za mayai na mchuzi wa maini ya kuku. Baba alikata mkate na kusema, akiutazama mkate, "Wageni watalala chumba cha Remo."

"Changu kinaona barabara!" alisema Remo.

"Waone barabara. Yanapita magari mazuri."

Remo alikuwa mwekundu hadi masikioni. "Shangazi, mimi sikuwa na maana ya..."

"Najua, mwanangu. Kula, tambi zinapoa."

Mama alipakua. Mkono wake, kwa mazoea, uliweka nusu kwenye sahani ya shangazi, na hakuna aliyeona, maana tulikuwa hatujawahi kuona. Delfina alikula polepole. Alikula yote, akafuta mchuzi kwa mkate, mpaka maua ya sahani yakaonekana. Nilimngoja aseme lile neno lake. Badala yake aliitazama sufuria, akatazama mikono yake iliyobaki na rangi ya mvinyo kwenye kucha, akaisukuma sahani mbele, kidogo tu, kama mtu asiyejua kama inaruhusiwa.

"Wifi," alisema, kwa sauti ndogo hata mama akalazimika kuinama amsikie, "niongezee."