Sitara ya Nusaiba

Bi Somoe alikuwa mwosha maiti wa mtaa wetu, Mwananyamala. Mie Mkristo, lakini tulipanga nyumba moja, mlango kwa mlango. Akirudi msibani nilikuwa namwekea maji ya kuoga, naye hunitania, "Mama Gaudens, siku yako ikifika utaoshwa na wenzio wasiojua kazi."

Hakuwahi kuniambia aliyoyaona kwa maiti. Kwao mwosha akiona aibu ya marehemu huifunika, na Mungu naye atamfunikia yake. Alilishika hilo kama mie ninavyoshika rozari.

Miaka ile ya ruksa, biashara ilipofunguliwa na maduka yakaanza kujaa tena, alifariki Nusaiba, mke wa Talha muuza vitenge. Walisema kateleza bafuni. Bi Somoe ndiye aliyemwosha. Aliporudi hakuoga. Alikaa kwenye kigoda na khanga zake zimelowa.

Arubaini ilipokaribia tukasikia Talha anapewa mdogo wa marehemu, Khulud, amlelee watoto wa dadaye. Ni mazoea, hakuna aliyeshangaa. Bi Somoe akaniita uani.

"Nyie Wakatoliki mna padri wa kumwambia. Sie tunamwambia nani?"

"Niambie mie, bibi, ila ondoleo la dhambi sina."

Hakucheka. "Yule mtoto Nusaiba hakuteleza. Alikuwa na alama za vidole shingoni."

Nikafanya ishara ya msalaba.

"Nimefundishwa nimsitiri maiti," akasema. "Na Kurani inakataza kuficha ushahidi. Nifuate lipi?"

Nikamwambia nililofundishwa na masista shuleni: Musa alipewa amri, usimshuhudie jirani yako uongo. Mayahudi wanayo, nasi tunayo. "Lakini wewe hujasema uongo, bibi. Umenyamaza tu."

Alifikiri mpaka nikamaliza kuchagua mchele wote wa kwenye ungo.

"Sitara ni ya marehemu," akasema. "Zile alama si aibu ya Nusaiba. Ni aibu ya mwenye vidole. Kumbe nimemsitiri yeye."

Kesho yake tulikwenda Kawe kwa Bi Wahiba, mama wa marehemu. Alimsikiliza mpaka mwisho, hakulia. Akamwita Khulud, akamwambia hakuna ndoa. Kisha akamgeukia Bi Somoe.

"Siku ile nilikuuliza mlangoni, mwanangu yukoje? Ukanambia uso wake una nuru. Nikashukuru. Ukaniacha nimzike."

"Nilidhani ndiyo dini, dada."

"Nyanyuka, uende kwako."

Talha alikana, na maiti alikuwa keshazikwa, basi hakuna aliyemfanya kitu. Khulud alipona. Bi Somoe hakuosha tena. Wakija kumwita anawaambia magoti yanamuuma, na wakishaondoka anaingia ndani na kufunga mlango. Nilikuwa namsalia kwa namna ya kwetu, naye alijua, wala hakunikataza.