Siku Niliyopima Betri Redio Ikisema

Nyinyi mnaonicheka kwa sababu nakagua mita mara mbili mbili kabla ya kugusa waya, leo nawaambia aibu niliyoibeba tangu vita vya shifta, kisha mcheke mkiweza.

Nilikuwa utingo wa lori la kwenda Modogashe, na fundi wetu alinifunza kutumia mita ya umeme siku moja tu (siku moja, nami nikajiona fundi). Nilikuwa nimemposa Halima, na mama yake, Hooyo Khadija, alikuwa akingoja habari za mwanawe Yusuf aliyevuka mpaka na ngamia vita vilipoanza, asirudi. Barua hazikufika, ila kila alasiri redio ya ng'ambo ilisoma salamu za watu waliopoteana, na mahali walipo. Basi nikaleta redio uani kwake, mtaani Galbet, nikaiunga na betri ya lori, majirani wakajaa, nami nimejifunga macawis mpya, kile kikoi chetu, kiunoni (niliinunua makusudi nionekane na mkwe).

Redio ikasema vizuri kabisa. Ningeketi tu! Lakini nikatoa mita niwaonyeshe nguvu ya betri, na kitufe chake nilikiacha kwenye ampea, ambako mita hupitisha umeme wote kama waya mtupu, badala ya volti, tangu nilipopima taa ya lori asubuhi.

"Wacha redio iongee, mwanangu," Hooyo akasema.

"Kidogo tu, Hooyo. Hii kazi mimi najua."

Nikagusisha nyaya za mita kwenye vichwa vya betri, cheche zikaruka, nyaya zikaniunguza vidole, nikaruka nikaipiga betri teke, redio ikavutwa ikaanguka ikapasuka, na macawis ikanivuka mbele ya mkwe, wallahi, nikabaki nimejishika mbele na nyuma. Watu walicheka hadi machozi.

Jirani akaingia mbio kutoka hoteli ya chai. "Mashallah, Hooyo! Jina la Yusuf limesomwa! Huko kelele mingi, nimesikia jina tu, nikakimbia kwenu. Amesema iko wapi?"

Kicheko kikakatika. Hooyo hakumtazama yeye, alinitazama mimi.

"Yuko wapi, mwanangu?" akaniuliza, kwa upole.

Hooyo alinipa Halima nikamwoa, wala hakunilaumu hata siku moja, na hilo ndilo linaloniuma zaidi. Yusuf hakurudi. Hooyo alikufa akijua kwamba mwanawe alitaja mahali alipo, na sisi tulikuwa tunacheka.

Tangu hapo, nikimaliza kupima nakirudisha kitufe kwenye volti. Na redio ikisema, sishiki kitu.