Niko Chini ya Ngoma

Jumamosi iliyopita vikombe vyangu vilianza kutetemeka kabatini. Ninaishi Kware, ghorofa ya tatu, na jirani wangu wa juu, dada mmoja anayeuza viatu, amenunua spika inayolingana nami kwa kimo. Kwanza nilikasirika. Kisha nikautambua wimbo, nikaweka kiganja ukutani, na pale ukutani nikampata marehemu baba yangu.

Utotoni tulikaa mtaa wa Jericho, kwenye nyumba za kaunsili. Baba alipiga gita la besi, lile la sauti nzito ya chini, katika bendi ya disko, na mchana aliwasimamia wanamuziki wengine studioni wakirekodi santuri zao. Waimbaji walijulikana mtaa mzima. Baba alijulikana kwa gita lenye nyuzi nne. Wenzangu walikuwa wameliona la mwalimu wa kwaya, lenye nyuzi sita, basi wakaniuliza Baba angenunua lini zile mbili zilizokatika. Mnisamehe, hata mimi nilikuwa nikijiuliza hivyo hivyo.

Kisha ikaja siku ya redio. Wimbo alioutunga Baba na kuusimamia mwenyewe studioni ungechezwa Jumapili mchana. Redio ilikuwa ya Mama, ndogo ya mkono, aliyoinunua baada ya kuuza mandazi sokoni kwa muda mrefu, na aliifunika kitambaa cha kufuma kama bibi harusi. Akaitoa nje, akaiweka juu ya stuli, akawaita majirani kwa chai. Mimi nami nilikuwa nimelitangazia darasa zima. Walikuja wengi, hata wasiopenda muziki, maana mandazi ya Mama yalijulikana.

Wimbo ukaanza. Tukamsikia mwimbaji, tukasikia tarumbeta, ngoma zikatwanga. Mzee Wafula, jirani yetu aliyefanya kazi reli na asiyejua kunong'ona, akauliza, "Sasa Baba Zuhura, wewe uko wapi hapo?"

"Niko chini," Baba akasema. "Chini ya ngoma."

"Chini wapi? Umezikwa?"

Watu wakacheka mpaka chai ikamwagika. Baba akanigeukia mimi. "Zuu, si wanisikia?"

Niliinama hadi sikio likagusa kitambaa. Nilimtafuta, wallahi nilimtafuta. "Sikusikii, Baba," nikasema, na sauti yangu ikatoka kubwa kuliko ya redio.

Baba naye akacheka, akachukua andazi. Lakini shuleni wakaanza kumwita Bwana Kimya, na aibu ikaniwasha masikio kila walipomtaja. Nikamwomba asiwe ananipitia shuleni akiwa amebeba lile gita. "Haya, mama," akaniitikia, wala hakuuliza sababu.

Nilikuwa tayari mama wa watoto fundi mmoja wa redio aliponieleza kwamba redio ndogo kama ile haiwezi kutoa besi. Nikakaa chini palepale dukani kwake. Baba alilijua hilo, kwani sauti ndiyo iliyokuwa kazi yake. Angesema tu, "Redio hii ni ndogo," na kicheko kingekwisha. Ila Mama alikuwa amesimama pale na birika lake, amevaa leso mpya, akiitazama redio yake kwa fahari. Kuitia kasoro mbele ya majirani kungemvunja. Kwa hiyo Baba akaona heri achekwe yeye. Mimi nikamwonea haya miaka yote ile, na leo haya ni zangu, wala sina wa kumwomba radhi.

Basi Jumamosi, besi ya wimbo ule ule ikinipiga kiganjani, nilipanda ngazi, nikabisha. Yule dada alifungua akiwa ameshaunyamazisha muziki.

"Pole sana mathe," akasema. "Napunguza saa hii."

"Hapana, mwanangu. Urudishe mwanzo, halafu uongeze," nikamwambia. "Huyo wa chini ya ngoma ni babangu. Nilimwambia simsikii."