Kituo Chako ni Bangale

Komora wa Wema ni fundi wa pampu za visima. Kwa miaka kumi na mmoja alifanya kazi Garsen, na kila mwezi kampuni ilimkata bima ya afya kwenye mshahara. Alikuwa na kisukari, lakini hakikumhangaisha. Kliniki aliyosajiliwa ilikuwa karibu na karakana, na dawa alizipata bila maneno mengi.

Januari akahamishiwa Bangale, maana visima vya huko vilikuwa vikiharibika na mifugo ikiteseka. Hakuna aliyemwambia kwamba bima nayo ilihamishwa.

Mwezi wa tatu buti lilimchubua kidole cha mguu. Kidonda kikagoma kupona. Alipokwenda kwenye kituo cha pale Bangale kinachopokea bima, alikuta kufuli mlangoni na mbuzi wamelala barazani.

"Walifunga mwaka juzi," jirani akamwambia.

Zahanati ya kijiji ikamfunga bandeji na kumhimiza amwone daktari upesi. Akasafiri kutwa nzima hadi Garsen, kwenye kliniki yake ya zamani. Karani, binti aitwaye Valentine, alimfahamu vizuri.

"Mzee Komora, mtambo wa bima unakataa. Kituo chako ni Bangale."

"Kimefungwa."

"Hapa kinaonyesha kiko wazi."

"Nimetoka huko, Valentine. Nimekiona kwa macho yangu. Huo mtambo umekiona lini?"

Valentine akamwandikia namba ya simu ya bima. Watu wa bima wakasema mwajiri ndiye hubadilisha kituo. Mwajiri akasema ni bima. Wiki tatu wakamrusha huku na huko, na mshahara wa mwezi huo ukakatwa bima kama kawaida. Kidole kikageuka cheusi. Kikakatwa katika hospitali ya umma.

Komora alirudi Bangale akitembelea fimbo, akatengeneza kisima kilichokuwa kimekufa. Hawo, mama wa Kiorma aliye mwenyekiti wa kamati ya maji, akamuuliza habari za mguu. Akamweleza yote. Hawo alisikiliza hadi mwisho, kisha akairudisha fomu ya kazi bila muhuri wa kamati. Bila muhuri ule, kampuni haiwezi kudai malipo.

Msimamizi wa kampuni, Caleb, akaja na gari.

"Mama, maji si yanatoka?"

"Yanatoka."

"Basi tatizo ni nini?"

"Aliyeyatoa hana pa kutibiwa. Ng'ombe wangu akiugua, namtafutia dawa. Nyinyi mtu wenu mmemwacha aoze. Muhuri utakaa kwangu mpaka atibiwe."

Siku ya nne Caleb alimpigia Komora simu: kituo chake kimerudishwa Garsen, na mara moja kwa mwezi atapewa gari la kumpeleka.

"Mshukuru Mungu, yameisha," akasema.

"Siku nne, Caleb. Kumbe ilikuwa kazi ya siku nne."

"Ni mambo ya makao makuu, ndugu yangu."

"Kidole kilichokatwa si cha makao makuu."

Akakata simu. Kisha akawapigia mafundi wengine waliohamishwa mwaka huo, mmoja baada ya mwingine, akawaambia waulize vituo vyao kabla hawajaugua. Jasper, aliyepelekwa Chewele, akampigia jioni. Kituo alichopangiwa hakikuwahi hata kujengwa.

Komora akachukua fimbo, akaenda kwa Hawo kumuuliza nani anashika muhuri wa kamati ya Chewele.