Mwisho wa Mwezi, Dunga

Nasema bila kuona haya: ukitaka kujua kama watu wa mahali fulani wanashiba, angalia wanavyokopa na wanavyolipa. Nilikuwa karani wa chama kidogo cha mikopo mjini Kisumu, na ripoti za hali ya uchumi niliziandika mimi. Kule Muhoroni nilijua miwa imeanza kukatwa kabla sijaona trekta barabarani, maana watu walianza kukopa magodoro.

Ndipo wanawake wanaouza omena, wale dagaa wa ziwani, kwenye ufuko wa Dunga wakaanza kuchelewa kulipa, wote kwa pamoja. Tarehe thelathini ikapita bila mtu kulipa, wakalipa wiki mbili baadaye. Mwezi wa pili vivyo hivyo, na wa tatu. Nikaandika kwamba biashara ya Dunga inaporomoka. Bosi alisoma, akasimamisha mikopo yote mipya huko.

Nilikwenda mwenyewe kumwambia mteja wetu wa zamani zaidi, mama aliyekausha omena na kuwapelekea wakata miwa. Mkopo uliofuata ndio uliokuwa mtaji wake. Bila huo, mashua zingeingia zimejaa naye angesimama mchangani mikono mitupu.

"Mama, mmechelewa miezi mitatu mfululizo," nikamwambia.

Hakuacha kuanika omena zake. "Nani amechelewa? Si karatasi yenu inasema mwisho wa mwezi?"

"Ndiyo. Tarehe thelathini."

"Hiyo ni tarehe, Bwana. Mimi nakuuliza mwezi." Akanionyesha kwa kidevu kipande cha mwezi kilichosalia angani asubuhi ile. "Kwetu mwezi, dwe, ni hiyo hapo. Ikiisha, giza inaingia. Giza ikiingia, taa za mashua zinavuta omena. Omena ikiuzwa, unapata pesa yako. Ama ulitaka nikulipe na mwangaza?"

Wenzake walicheka. Mimi ni mtu wa Kakamega, samaki nimewajua kwenye sahani. Lakini kilichoniuma zaidi ni ile karatasi. Fomu ya zamani ilitaja tarehe. Mpya, iliyotumika tangu walipoanza kuchelewa, niliiandika mimi, kwa Kiswahili chepesi ili kila mtu aelewe, nikajisifu ofisini wiki nzima. Nao walielewa vizuri sana.

Nilirudi mjini nikafungua rekodi zake. Mara ya kwanza alichelewa siku kumi na tano, ya pili kumi na nne, ya tatu kumi na tatu. Nikafungua za wenzake, zikawa hivyo hivyo. Mtu anayezama kwenye madeni hapunguzi kuchelewa siku moja kila mwezi. Ni mwezi wa angani tu uliokuwa mfupi kuliko ule wa kalenda, na wanawake hawa walikuwa wameufuata bila kukosa hata mara moja. Niliona aibu, kisha furaha, kwa sababu takwimu hazikunidanganya. Msomaji ndiye aliyekuwa na shida.

Nikampigia bosi.

"Si wewe uliyesema wanaporomoka?" akauliza.

"Ni mimi. Nilikosea. Wanafuata mwezi wa juu, si kalenda. Hakuna wateja wanaolipa vizuri kama hawa katika vitabu vyetu vyote."

"Una hakika?"

"Niandikie barua ya kufukuzwa kazi, uiweke kwenye droo. Wasipolipa giza likiingia, itoe."

Akaniambia nipeleke fomu za mikopo mipya.

Nilifika Dunga siku mbili kabla mwezi haujaisha. Yule mama aliisoma fomu polepole, kidole chake kikifuata kila neno, mpaka kikafika pale nilipoongeza maneno mawili kwa kalamu baada ya "mwisho wa mwezi". Nilikuwa nimeandika: "wa angani".

Akatia sahihi, akanirudishia kalamu.

"Sasa umeanza kujua kusoma," akasema, akaenda kuandaa nyavu zake za kuanikia.